Mwongozo Kamili wa Kupiga Kura kwa Posta Pennsylvania: Kuanzia Ombi hadi Kuhakikisha Bahasha Imepokelewa

Kila msimu wa uchaguzi, maswali yanayoulizwa na Waswahili wa Erie, Lancaster, Pittsburgh na Philadelphia ni yale yale. Bahasha imerudishwa nyumbani. Kura haikuhesabiwa. Barua pepe imesema kuna kasoro, lakini aliyeisoma hakuelewa ni kasoro gani wala afanye nini. Wengi wa wanaouliza walijua vizuri wanamtaka nani, na alama zao kwenye karatasi ya kura zilikuwa sahihi kabisa. Kosa lilitokea nje ya karatasi: kwenye bahasha, kwenye saini, kwenye tarehe au katika siku ya kuifikisha.

Mtu aliyezoea kupiga kura Kigoma, Nakuru au Bukavu amezoea karani anayemkabidhi karatasi, anayemwonyesha kibanda na sanduku, na anayemsahihisha papo hapo akielekea kukosea. Anayepiga kura kwa posta yuko peke yake mezani, mbele ya maandishi madogo ya Kiingereza, na kosa lake huonekana siku nyingi baadaye, mahali ambapo yeye hayupo. Ndiyo maana mwongozo huu unatumia nafasi kubwa kueleza bahasha na nafasi ndogo kueleza karatasi yenyewe.

Maelezo haya ni ya jimbo la Pennsylvania pekee. Kila jimbo la Marekani lina sheria zake, na ushauri wa ndugu anayeishi Ohio au Texas, hata akiwa amepiga kura mara nyingi, unaweza kukupotosha.

Onyo kabla ya hatua yoyote

Wanaoruhusiwa kupiga kura ni raia wa Marekani tu. Mwenye kadi ya kijani, mkimbizi aliyepokelewa, au mwombaji wa hifadhi haruhusiwi, hata kama ameishi hapa miaka mingi na analipa kodi. Kujiandikisha au kupiga kura bila uraia ni kosa linaloweza kumfanya mtu afukuzwe nchini, na kusema kwamba hakuelewa fomu huenda kusimwokoe. Ukiletewa fomu ya kujiandikisha nyumbani, ofisini au barabarani na hujala kiapo cha uraia, usiisaini.

Vitu vya kuwa navyo mezani

Andaa leseni ya udereva au kitambulisho cha Pennsylvania, au tarakimu nne za mwisho za namba yako ya Social Security. Andaa anwani yako kamili pamoja na namba ya nyumba ya kupanga ndani ya jengo, kalamu ya wino mweusi au wa bluu, kalenda ya ukutani au ya simu, na anwani ya barua pepe ambayo wewe mwenyewe unaifungua. Weka pia namba ya simu ya ofisi ya uchaguzi ya kaunti yako, kwa kuwa karibu kila tatizo hutatuliwa na kaunti, si na jimbo. Ukikosa pa kuanzia, jimbo lina simu ya wapiga kura, 1-877-868-3772.

Usiazime barua pepe ya mtoto au ya mfanyakazi wa shirika lililokupokea. Taarifa zote muhimu zitapelekwa huko, nawe hutaziona.

Hatua ya 1: Hakikisha umejiandikisha, na jina ni lile lile

Mwisho wa kujiandikisha ni siku 15 kabla ya uchaguzi. Kwa uchaguzi mkuu wa tarehe 3 Novemba 2026, siku hiyo ni Jumatatu, tarehe 19 Oktoba. Kwenye tovuti ya vote.pa.gov unaweza kuangalia kama jina lako lipo na limeandikwaje.

Wengi wetu tuna majina yaliyopinduliwa kwenye kambi ya wakimbizi au uwanja wa ndege: jina la baba likawa la ukoo, la ubatizo likakatwa, au herufi moja ikabadilika. Lililo muhimu ni kwamba jina lililo kwenye leseni, kwenye Social Security na kwenye daftari la wapiga kura lilingane. Kama ulibadilisha jina ulipopata uraia, peleka mabadiliko hayo kwa kaunti kabla ya kuomba kura ya posta, si baada ya kuipokea.

Uchaguzi wa mchujo una jambo la ziada. Pennsylvania huruhusu tu wanachama walioandikishwa wa chama cha Democratic au cha Republican kuchagua wagombea wa chama chao. Asiye na chama anaweza kupata karatasi yenye swali la kura ya maoni pekee, au asipate kitu kabisa, akadhani ameonewa.

Umefanikiwa ikiwa tovuti inaonyesha jina lako, anwani yako ya sasa, na neno "Active".

Hatua ya 2: Omba kura ya posta, na uombe mapema

Kujiandikisha hakuleti kura nyumbani. Ni lazima uombe. Ombi linaweza kufanywa mtandaoni, kwa fomu ya karatasi, au kwa kwenda mwenyewe kwenye ofisi ya uchaguzi ya kaunti. Ni lazima lipokelewe kabla ya saa 11 jioni (kwenye fomu utaona 5:00 p.m.) ya Jumanne inayotangulia uchaguzi kwa wiki moja, yaani tarehe 27 Oktoba kwa uchaguzi wa Novemba 2026. Tafadhali usiichukulie tarehe hiyo kama shabaha. Ombi la dakika ya mwisho huacha siku chache mno kwa karatasi kuja na kurudi.

Kwenye fomu kuna kisanduku cha kuomba kuwekwa katika orodha ya mwaka. Ukikitia alama, utatumiwa kura za chaguzi zote zilizobaki mwaka huo, na mwanzoni mwa kila mwaka unaofuata kaunti itakutumia fomu ya kuomba upya. Hapa ndipo wengi hupotea. Fomu ya kuomba upya huja katika bahasha ya kawaida isiyovutia macho, wakati wa baridi, wakati hakuna anayezungumzia uchaguzi, na huishia kwenye pipa pamoja na matangazo ya biashara. Kisha Oktoba inafika na mtu anasubiri kura ambayo haitakuja. Fungua kila barua yenye jina la kaunti yako, hata kama ni mwezi wa Februari.

Wakati huo huo, vyama na vikundi vya kampeni hutuma fomu zao za kuombea kura, nyingine zikiwa na nembo zinazofanana sana na za serikali. Mtu hujaza tatu, hupokea majibu yanayogongana, na mwishoni hajui alichokiomba. Omba mara moja tu, kupitia tovuti ya jimbo au kwa kaunti moja kwa moja, kisha puuza fomu nyingine zote.

Andika namba ya nyumba ndani ya jengo. Katika majengo yenye familia nyingi, bahasha isiyo na namba hiyo humshinda tarishi. Hakikisha pia jina lako limebandikwa kwenye kisanduku cha barua, hasa kama unaishi kwa mwenyeji mwenye jina tofauti.

Umefanikiwa ikiwa umepata barua pepe ya kuthibitisha, au ukiangalia hali ya kura yako mtandaoni unaona ombi limeidhinishwa. Kama wiki mbili kabla ya uchaguzi bado hujapata bahasha, piga simu kwenye kaunti. Ujumbe wa kwamba kura "imetumwa" si ushahidi kwamba imeshaondoka ofisini, kwa hiyo hesabu zako zianze siku unayoishika mkononi.

Hatua ya 3: Fungua bahasha na utambue kila kilichomo

Safisha meza, ondoa chai, na kama nyumbani kuna wapiga kura zaidi ya mmoja, mmoja amalize kabisa ndipo mwingine afungue yake. Hili si jambo la unadhifu tu. Kila bahasha ya nje ina barkodi ya mtu mmoja. Mume akisaini bahasha ya mke na mke akasaini ya mume, kura zote mbili huingia matatani, ingawa wote wawili ni raia halali na kila mmoja alichagua alichotaka.

Ndani utakuta vitu vinne: karatasi ya maelekezo, karatasi ya kura, bahasha ndogo ya siri na bahasha ya kurudishia.

Bahasha ya siri ndiyo yenye maneno "Official Election Ballot", na kwa kawaida ina rangi ya manjano. Haina anwani, haina nafasi ya jina, haina nafasi ya saini. Kwa kuwa haina kitu cha kujaza, huonekana kama imeingizwa kwa bahati mbaya, na hiyo ndiyo sababu watu huitupa. Bahasha ya kurudishia ni kubwa zaidi, ina anwani ya kaunti upande mmoja, na upande wa pili ina tamko la mpiga kura lenye nafasi ya saini na ya tarehe.

Umefanikiwa ikiwa vitu vyote vinne viko mbele yako na jina lililochapwa kwenye bahasha ya nje ni lako. Kimoja kikikosekana, piga simu kaunti siku hiyo hiyo na uombe kingine. Usibuni bahasha ya dukani.

Hatua ya 4: Jaza karatasi ya kura

Jaza kabisa umbo la yai lililo kando ya jina. Usiweke alama ya vyema, msalaba wala alama ya kidole. Soma idadi inayoruhusiwa chini ya kila nafasi: ikisema mchague mmoja nawe ukachagua wawili, nafasi hiyo haitahesabiwa, ingawa nyingine zitahesabiwa. Geuza karatasi, kwa kuwa maswali mara nyingi yako nyuma. Unaweza kuacha nafasi yoyote wazi bila kuharibu kura nzima.

Usiandike jina lako wala kusaini karatasi ya kura. Ukikosea, usifute wala kupaka rangi nyeupe. Wasiliana na kaunti upewe karatasi nyingine.

Kuhusu lugha, Kiswahili hakimo kati ya lugha ambazo sheria ya shirikisho inazilazimisha kaunti kuzichapisha. Hata hivyo, sheria ya haki za kupiga kura inampa mtu asiyeweza kuona, mwenye ulemavu, au asiyeweza kusoma au kuandika haki ya kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe. Walioondolewa ni wawili tu: mwajiri wake au wakala wa mwajiri, na kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Mjukuu anaweza kumsomea bibi. Jirani anaweza kumtafsiria baba mzee. Kinachotakiwa ni msaidizi asome kila jina kama lilivyo, asubiri, kisha aweke alama pale alipoambiwa. Nimewaona vijana, kwa nia njema kabisa, wakimwambia mama yao "hapa tunamweka huyu" kabla mama hajasikia majina mengine. Huko si kusaidia, ni kupiga kura badala ya mtu mwingine, na ni kosa kisheria.

Hatua ya 5: Bahasha ya siri

Kunja karatasi ya kura, iingize peke yake ndani ya bahasha ya siri, na ufunge. Usiandike chochote juu yake: si jina, si jina la chama, si alama ya moyo, si mstari wa kujaribu kalamu.

Sababu ni hii. Makarani wanaohakiki jina na saini hawatakiwi kuona ulimchagua nani, na wanaohesabu kura hawatakiwi kujua karatasi ni ya nani. Bahasha ya ndani ndiyo inayotenganisha mambo hayo mawili. Karatasi ikiingia moja kwa moja kwenye bahasha ya nje, siri imevunjika, na Septemba 2020 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania iliamua kwamba kura iliyokuja bila bahasha ya siri haihesabiwi. Bahasha ya siri yenye maandishi au alama inayofichua wewe ni nani, chama chako au uliyemchagua huwekwa kando vilevile.

Hakuna kosa linaloniumiza kuliko hili. Mtu ametimiza kila kitu, amengoja uraia miaka mingi, na kura inatupwa kwa sababu ya bahasha aliyoiona ya ziada.

Umefanikiwa ikiwa mkononi una bahasha ya siri iliyofungwa, yenye karatasi ndani, isiyo na alama ya kalamu popote.

Hatua ya 6: Bahasha ya nje, saini na tarehe

Ingiza bahasha ya siri ndani ya bahasha ya kurudishia na uifunge. Igeuze upande wa tamko. Saini mwenyewe. Usisaini kwa niaba ya mzazi hata akikuruhusu. Asiyeweza kusaini kwa ugonjwa au ulemavu ana sehemu yake maalumu kwenye bahasha, ambapo huweka alama mbele ya shahidi, naye shahidi husaini.

Sasa tarehe, na hapa naomba msomaji atulie kidogo. Inayotakiwa ni tarehe ya siku unayosaini. Si tarehe ya kuzaliwa. Fomu nyingi za hapa Marekani huuliza tarehe ya kuzaliwa, mkono umezoea, na wengi waliopita kambini hujikuta wameandika 01/01 bila kufikiri, kwa sababu ndiyo siku ya kuzaliwa waliyoandikiwa walipokosa cheti. Usiandike pia tarehe ya uchaguzi.

Mpangilio nao ni wa Kimarekani: mwezi kwanza, kisha siku, kisha mwaka. Ukisaini tarehe 9 Oktoba, andika 10/09. Ukiandika 09/10 kama tulivyofundishwa shuleni kwetu, karani atasoma tarehe 10 Septemba. Mara nyingi mwaka umeshachapwa. Ukiukuta, usiurudie juu yake.

Mahakama za jimbo na za shirikisho zimetoa hukumu zinazopishana kuhusu kama kura isiyo na tarehe sahihi inaweza kukataliwa. Wewe usiingie katika mvutano huo. Bahasha yenye saini na tarehe sahihi haina mtu wa kubishana nayo.

Umefanikiwa ikiwa upande wa tamko una saini moja, tarehe moja ya leo, na barkodi isiyochafuliwa.

Hatua ya 7: Ifikishe wewe mwenyewe, na ifike kwa wakati

Pennsylvania inaangalia muda wa kupokelewa, si muhuri wa posta. Bahasha lazima iwe mikononi mwa kaunti kufikia saa 2 usiku (8:00 p.m.) ya siku ya uchaguzi. Iliyopigwa muhuri siku tano kabla lakini ikafika kesho yake asubuhi imechelewa. Shirika la posta la Marekani hushauri kutuma angalau wiki moja kabla ya mwisho, nami ningependelea mbili. Tazama kona ya juu kulia: kaunti nyingine hulipia stempu, nyingine hazilipii.

Ukibakiwa na chini ya wiki moja, achana na posta. Peleka bahasha kwenye ofisi ya uchaguzi ya kaunti au kwenye sanduku rasmi la kukusanyia kura, kama kaunti yako inalo. Usiipeleke kwenye kituo cha kupigia kura ukidhani wataipokea kama bahasha. Kituo hakikusanyi kura za posta.

Katika familia zetu mmoja hutumwa kwa niaba ya wote, na mtoto mwenye gari huchukua bahasha za baba, mama na shangazi kwa safari moja. Pennsylvania hairuhusu hivyo. Kila mtu hurudisha yake, hata mume na mke wanaoishi chumba kimoja. Isipokuwa mwenye ulemavu, ambaye anaweza kumteua wakala kwa fomu maalumu inayopatikana kwa kaunti na inayoambatana na bahasha. Wapakie wote garini, kila mmoja ashike yake na aitumbukize kwa mkono wake.

Ipo pia njia fupi ambayo wengi hawaijui: kabla ya mwisho wa maombi, nenda kwenye ofisi ya uchaguzi ya kaunti, omba kura ya posta hapo hapo, jaza, na uirudishe siku hiyo hiyo. Kwa anayeogopa makaratasi, naona hii ndiyo bora, maana kuna mtu wa kumuuliza.

Hatua ya 8: Fuatilia hadi upate jibu

Baada ya siku chache, angalia hali ya kura yako mtandaoni au piga simu. "Imepokelewa" maana yake bahasha imefika, si kwamba imekaguliwa yote na kukubaliwa. Sheria ya Pennsylvania hairuhusu kaunti kuanza kufungua bahasha hizo kabla ya saa 1 asubuhi ya siku ya uchaguzi, hivyo kasoro ya ndani inaweza isijulikane mapema. Kasoro ya nje, kama saini iliyokosekana, huonekana mara moja. Baadhi ya kaunti zina mashine zinazopima ukubwa na unene wa bahasha na kuhisi kwamba ya siri haimo.

Kaunti hazifanani katika kutoa taarifa. Nyingine hupiga simu na kumruhusu mpiga kura aje kurekebisha. Nyingine hutuma barua pepe ya mistari miwili tu. Pokea simu za namba usizozijua katika wiki hizo, na uangalie hata folda ya barua taka. Ukiona maneno kama "canceled" au "may not be counted", usingoje kuelezwa zaidi. Piga simu kaunti, sema "Swahili interpreter", na uulize maswali mawili: kasoro ni ipi, na naweza kuirekebisha hapo ofisini?

Ikiwa haiwezekani kurekebisha, nenda kwenye kituo chako siku ya uchaguzi na uombe kura ya muda, ambayo huko huitwa "provisional ballot". Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania iliamua kwamba aliyekataliwa kura yake ya posta kwa kukosa bahasha ya siri anaweza kupiga kura hiyo na ihesabiwe. Kama bado hujarudisha kura ya posta na umeamua kupiga kura kituoni, beba vyote, karatasi na bahasha ya nje yenye tamko, uwakabidhi wavifute, kisha utapiga kura ya kawaida. Ukivisahau nyumbani, utapewa kura ya muda tu.

Kura ya muda nayo ina bahasha ya siri, na ina sehemu mbili za kusaini: moja kabla ya kupiga kura, nyingine baada. Saini zote mbili mbele ya msimamizi wa kituo. Kabla ya kuondoka, hakikisha amekupa karatasi yenye namba ya kura yako. Subiri wiki moja, kisha itumie namba hiyo kwenye tovuti ya jimbo au kwa simu kuulizia kama kura imehesabiwa na, kama haikuhesabiwa, kwa sababu gani.